Kabla ya kuomba daktari wa nne

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Temeke. Mwaka jana nilikabidhiwa usimamizi wa wagonjwa wa nje. Tunapokea kama wagonjwa 150 kwa siku na vyumba vya madaktari ni vitatu. Mgonjwa wa kawaida anakaa kwetu saa tano, wengine wanaondoka saa nane mchana bila hata dawa. Matusi tunayabeba sisi wauguzi. Mganga mfawidhi ameandika kuomba daktari wa nne na fedha za kuongeza mabenchi. Mimi naona kama tatizo ni jingine ila sijui nilisemeje. Pia nimeshauriwa nikasomee usimamizi wa uendeshaji. Naomba ushauri."

Jibu:

Pole na kazi, Sista. Umesema unaona tatizo ni jingine ila hujui ulisemeje. Umeona sawasawa, na nitajaribu kukupa hesabu za kulisemea, maana mbele ya mganga mfawidhi "naona kama" haitoshi.

Lakini kuna jambo moja lisilosubiri hesabu. Hukuniambia ni nani anayemtazama mgonjwa kwanza akishaingia getini. Kama ni karani wa mapokezi, au mlinzi anayegawa namba, basi kesho asubuhi mweke muuguzi mmoja pale mbele, kabla ya kadi na kabla ya malipo. Hahitaji kuandika sana. Apite kwenye mabenchi kila nusu saa na kuuliza. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, haamki vizuri? Mtu mzima anapumua kwa shida? Mjamzito anatoka damu, au anaumwa kichwa na macho hayaoni vizuri? Akipatikana mmoja wa hao anaingia moja kwa moja, kadi itamfuata huko huko.

Nimewahi kumkuta mama kwenye benchi la kituo kimoja hapa jijini, mtoto amemfunika kanga usoni kwa sababu ya nzi, namba yao 64. Nilipoifunua ile kanga mtoto alikuwa amelegea kabisa. Mama alikuwa mtu mpole, hakutaka kumpita mtu kwenye foleni. Tulimkimbiza ndani, akapona, ila tangu siku ile nimebaki na hesabu ya wafanyakazi waliokuwa wamempita pale asubuhi nzima, na mimi mmojawapo. "Aliyetangulia ahudumiwe kwanza" ni haki kwenye duka la unga. Hospitalini haki huanza na aliye hatarini. Muhimbili ilipofungua idara yake ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza mlangoni, na hatua hiyo haihitaji jengo la ghorofa. Inahitaji muuguzi mmoja mwenye ruhusa ya kuvunja foleni.

Sasa tuje kwenye foleni yenyewe.

Unasema mgonjwa anakaa saa tano, yaani dakika 300. Jiulize: ndani ya dakika hizo, ni ngapi ambazo mtu wa kituo anamhudumia kweli? Mapokezi dakika mbili. Kwa daktari sita. Kutoa damu na mkojo labda nne. Kurudisha majibu kwa daktari tatu. Malipo, ukijumlisha safari zote, tano. Dirisha la dawa nne. Zote hazifiki dakika 25. Zilizobaki, zaidi ya 270, amekaa benchi au amesimama ukutani. Mabishano ya vituo vingi ni juu ya zile 25: daktari ni mzito, karani anazubaa, mtu wa dawa ana maneno mengi. Hata ukimfanya kila mmoja awe mwepesi mara mbili, utaokoa dakika 12 na mgonjwa atakaa saa nne na dakika 48. Hataona tofauti. Kazi iko kwenye zile 270, na hizo hazina mwenyewe. Ndiyo maana hakuna anayezishughulikia.

Kwa hiyo anza kwa kuzijua zimelala wapi. Chukua karatasi ndogo, nusu ya A4, ibanwe kwenye cheti cha mgonjwa. Kila anapofika aandikiwe saa: alipofika getini, alipoandikishwa, alipoingia kwa daktari, alipotoa sampuli, majibu yalipotoka, aliporudi kwa daktari, alipopewa dawa. Karatasi isiwe na jina la mgonjwa wala la mfanyakazi. Watumie wanafunzi wa uuguzi walio mafunzoni kama unao. Siku tano zinatosha. Ukiwa na mfumo wa kompyuta nao utakupa muda, ila uuangalie kwa makini: unaandika saa mtu alipobonyeza, na wengi wetu tunabonyeza mchana kwa mkupuo tukipata nafasi. Karatasi ya mkononi mwa mgonjwa haina shida hiyo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ataona ukiandika uongo.

Sina karatasi zako, kwa hiyo nitatumia namba ulizonipa pamoja na makadirio yanayofanana na ninayoyakuta kwenye vituo vya ukubwa wenu. Utayabadilisha ukishapima.

Tuanze na mabenchi, maana hilo ni jepesi. Mwaka 1961 msomi wa Kimarekani, John Little, alithibitisha kwa hisabati kanuni inayofanya kazi kwenye foleni yoyote iliyotulia: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara muda ambao kila mmoja anakaa. Nyinyi mnapokea 150 kati ya saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, yaani wastani wa 15 kwa saa. Kila mmoja anakaa saa tano. 15 mara 5 ni 75. Kwa hiyo kwa wastani mna wagonjwa wapatao 75 ndani kwa wakati mmoja, na wengi wana msindikizaji, kwa hiyo vichwa ni zaidi ya 100. Bila shaka mabenchi hayatoshi. Lakini muda ukishuka kutoka saa tano hadi saa mbili, wagonjwa 150 wale wale wanakuwa 30 tu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepungua, hakuna benchi lililoongezeka. Fedha za mabenchi, Sista, ni fedha za kuikalisha foleni vizuri. Mimi nisingeziomba mwaka huu.

Daktari wa nne ni habari nyingine, na hapo usimbishie mganga mfawidhi haraka, kwa sababu hoja yake ina msingi. Tupige hesabu kwa dakika. Wagonjwa 150, kila mmoja dakika sita za mara ya kwanza, ni dakika 900. Tuseme 90 kati yao wanapelekwa maabara na kurudisha majibu, dakika tatu kila mmoja: 270. Jumla 1,170. Madaktari watatu, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kila mmoja ana dakika 420, jumla 1,260. Kwenye karatasi wanatosha, ila kwa kubana: wanatumika asilimia 93.

Sasa weka uhalisia. Mgonjwa wa kwanza anaingia kwa daktari saa ngapi? Katika vituo vingi nilivyokaa na saa mkononi, ni saa 3. Sisemi madaktari ni wavivu. Kuna ripoti ya asubuhi, kuna wodi ya kupitia, kuna mama wa usiku anayehitaji uamuzi. Lakini kila daktari akianza saa 3, kila mmoja amepoteza dakika 60, na kituo kimebaki na 1,080 dhidi ya kazi ya 1,170. Hapo hata wangekuwa malaika hawamalizi. Dakika 90 za kazi zinasukumwa kuelekea jioni, kila siku, na anayezisikia ni mgonjwa wa mwisho na muuguzi anayemwambia "rudi kesho".

Daktari wa nne, naye akianza saa 3 kama wenzake, anakuletea dakika 360. Zishike hizo 360 kichwani. Madaktari watatu wakianza saa 2 kamili unapata dakika 180. Na ukiwapunguza wanaorudisha majibu kutoka 90 hadi 30, kwa dakika tatu kila mmoja, unapata 180 nyingine. Jumla 360. Huyo daktari wa nne mnaye tayari humo ndani. Amegawanyika vipande vipande kati ya kikao cha asubuhi na korido ya maabara.

Usidhani namchezea mganga mfawidhi mahesabu. Mgonjwa atakayeingia kwa daktari akiwa na kipimo mkononi atachukua muda kidogo zaidi mara ya kwanza. Waongezee hao 60 dakika moja kila mmoja. Kazi yote inakuwa dakika 1,050 juu ya 1,260, asilimia 83. Bado ni pazuri kuliko mlipo.

Kwa nini 83 na 93 zitofautiane sana, wakati zote ziko chini ya mia? Hapa ndipo viongozi wengi wanapotea, wakidhani chumba ambacho daktari amekaa dakika tano bila mgonjwa ni hasara. Mwaka 1909 Agner Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za simu zinazogongana kwenye mitambo, na kutoka kwake ikakua elimu nzima ya foleni. Inachofundisha ni hiki: watu wasipofika kwa mpangilio, na huduma zao zisipolingana urefu, foleni haikui sawasawa na kazi, inakua kwa kuruka. Kwa hesabu rahisi ya dirisha moja, mhudumu akitumika asilimia 80 ya muda wake, mtu anasubiri wastani wa mara nne ya muda wa huduma moja. Akifika asilimia 90, mara tisa. Akifika 95, mara 19. Kwa madaktari watatu namba ni ndogo kuliko hizo, ila kuruka ni kule kule. Unaijua hali hii barabarani: Mandela ikiwa na magari mengi bado inatembea, yakiongezeka machache tu inaganda mpaka Buguruni. Zile dakika chache za daktari kukaa bila mgonjwa ndizo zinazomeza mtoto wa degedege aliyeingia ghafla bila kuvuruga asubuhi ya watu wengine. Ukiziondoa zote kwa jina la ufanisi, umeinunua foleni kwa bei ya rejareja, kila siku.

Twende maabara. Nadhani hapo ndipo zile 270 zako nyingi zimelala, na utanisahihisha karatasi zikirudi.

Tazama sampuli zinavyokwenda. Mara nyingi mtoa damu anakusanya mpaka trei ijae, ndipo anaipeleka. Mteknolojia naye anasubiri zifike 20 ndipo awashe mashine, kwa nia njema kabisa, anaokoa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na muda wake. Majibu yakitoka yanarundikwa, mhudumu anayachukua saa 5, kisha saa 7. Kila hatua inafanya kama daladala la zamani pale stendi: gari haliondoki mpaka lijae. Abiria wa kwanza kuingia ndiye anayeteseka kuliko wote, na hapa abiria wa kwanza ni mgonjwa aliyefika alfajiri. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kama majibu yake yanamfikia daktari baada ya saa mbili, hizo saa nyingine hazikutumika kupima, zimetumika kusubiri gari lijae.

Ubaya hauishii hapo. Yakifika saa 5, majibu 20 yanafika na watu 20, wote mlangoni kwa daktari kwa wakati mmoja, wakati wagonjwa wapya bado wamejipanga. Hapo ndipo unapozaliwa ule ugomvi unaoujua: "Mimi nilishamuona daktari, narudisha majibu tu." Na mwenye namba anamjibu, na sauti zinapanda, na sista anaitwa. Mmeshautengeneza ugomvi huo saa mbili nyuma, kwenye trei.

Dawa yake ni mizigo midogo. Trei iondoke kila sampuli tano au kila dakika 15, lolote litakalotangulia. Najua mashine ya "damu kubwa", kile kipimo cha chembe zote za damu, haiendeshwi kwa sampuli moja moja, na mteknolojia wako atalalamika kuhusu vitendanishi. Msikilize, ana haki kwa vipimo kadhaa. Lakini malaria, mkojo, sukari na ujauzito havina sababu ya kungoja wenzao. Pangeni naye vipi visubiri na vipi visisubiri. Mlangoni kwa daktari wekeni utaratibu ulioandikwa kwa herufi kubwa, watu wausome: majibu mawili, mpya mmoja. Mtu anavumilia foleni anayoielewa.

Wengine watakushauri utenge daktari mmoja awe wa majibu tu. Nimeujaribu mpango huo na siupendi. Asubuhi huyo daktari hana kazi, saa 5 anazidiwa, na mgonjwa anajieleza upya kwa mtu ambaye hakumsikiliza mwanzo. Wapya wapange foleni moja kwa vyumba vyote vitatu, anayefungua mlango anachukua anayefuata, kama benki. Inakwenda haraka kuliko foleni tatu ambazo moja imekwama na nyingine tupu. Wa majibu tu ndio warudi kwa daktari wao.

Na wale 60 wa kutorudi mara mbili watapatikana wapi? Mwenye homa apimwe malaria wakati anasubiri, na muuguzi aliyefundishwa, kwa mwongozo ulioandikwa na kusainiwa na mganga mfawidhi, maabara ikisimamia ubora. Wa presha na sukari wapimwe kabla ya kuingia. Mwongozo useme nani apimwe na nani asipimwe, vinginevyo kila mwenye mafua atachomwa kidole na vipimo vitaisha tarehe 12. Na usije ukakubali mtoto mwenye homa arudishwe nyumbani kwa sababu tu kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu. Huyo ndiye anayemhitaji daktari zaidi.

Saa 2 kamili je? Hilo ni la mganga mfawidhi, si lako, ila unaweza kumpa njia. Daktari aliyelala zamu apitie wodi kabla hajakabidhi. Kikao cha asubuhi kiwe na kikomo, na kila siku daktari mmoja kwa zamu asiingie kikaoni, aanze vyumbani. Siku nzima inabebwa na saa ya kwanza kuliko watu wanavyodhani.

Malipo nitayapita haraka: hesabu ni mara ngapi mgonjwa mmoja anakwenda dirisha la fedha. Nikikuta ni mara tatu, ya kumuona daktari, ya vipimo, ya dawa, najua foleni tatu zimejengwa kwa hiari. Kaa na mhasibu muone zipi zinaweza kuunganishwa bila kuvunja taratibu za fedha. Na mwenye msamaha, mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, hana sababu ya kupanga dirishani ili tu agongewe muhuri wa kutolipa. "Mzee kwanza" iliyobandikwa ukutani inaanzia hapo.

Dirisha la dawa lina mambo mawili. La kwanza halina gharama: kila asubuhi kabla ya saa 2 mfamasia aandike dawa zilizoisha, karatasi iwe mezani kwa kila daktari. Mgonjwa anayeambiwa "hii hakuna, rudi akubadilishie" amemaliza foleni zote halafu anaanza upya, na dakika zake tatu za daktari zinatoka kwenye zile 1,260.

La pili ni kwa nini zinaisha, na nataka ulijue vizuri kwa sababu kosa lake limejificha ndani ya hesabu iliyo sahihi. Kituo kinapoagiza MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, kinatazama kilichotumika. Tuseme mwezi uliopita mlitumia dozi 300 za dawa fulani. Mnaagiza kwa 300. Lakini je, dawa ilikuwepo mwezi mzima? Kama ilikosekana siku 10, hizo 300 zilitumika ndani ya siku 20, yaani 15 kwa siku, na mahitaji ya kweli ya mwezi ni 450. Ukiagiza 300, itaisha tena baada ya siku 20, na mwezi unaofuata hesabu itathibitisha kwamba "tunatumia 300 tu". Uhaba unajiandikia ushahidi wake wenyewe. Mwambie mfamasia aweke kwenye leja ya kila dawa safu ya siku ilizokosekana, agawe matumizi kwa siku ilizokuwepo tu. Hilo limewasaidia wafamasia kadhaa ninaowafahamu kujua mapema ni lini wamwendee mshitiri, yule muuzaji binafsi anayeuzia vituo dawa zilizokosekana MSD, badala ya kwenda rafu ikishakuwa tupu.

Kuna foleni nyingine mnayoileta wenyewe bila kujua. Angalia daftari lako la wiki nne, siku kwa siku. Jumatatu itakuwa kubwa, hiyo ni ya Jumapili na huwezi kuizuia. Lakini nina hakika utakuta na siku nyingine ya katikati imevimba, na ukitazama vizuri ni siku ya kliniki ya presha na sukari. Hawa wana tarehe. Nyinyi ndio mliowapa, wote siku moja, wote "asubuhi". Wagawe kwenye siku nne, kisha kwa saa: kundi la saa 2, la saa 4, la saa 6. Mwaka 1952 Norman Bailey wa Uingereza aliandika kanuni ya kupanga wagonjwa wa miadi ambayo bado inanifaa: mwanzoni waite wawili, ili daktari asikae bure mmoja akichelewa, kisha mmoja mmoja kwa umbali wa wastani wa muda wa kuonana. Chumba hakikosi mtu, na benchi halijai. Aliye na hali tulivu muulize daktari kama anaweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu; kliniki za tiba na matunzo zilishafanya hivyo kwa wanaotumia dawa za VVU, na msongamano ukapungua.

Usitegemee watu waamini mara moja. Mtu wa Chamazi ameondoka nyumbani saa 10 usiku kwa sababu miaka yote anayechelewa hapati namba. Ukimwambia "njoo saa 4" atakuja saa 12, akae. Mhudumie saa 4 kama ulivyoahidi. Mwezi unaofuata atakuja saa 3 na nusu. Ukimvunjia ahadi mara moja tu, miadi imekufa, na yeye atawaambia majirani.

Mnaweza kuwa na timu ya 5S-KAIZEN. Mpango huo wa Kijapani wa kupanga na kuboresha mahali pa kazi tulianza nao Mbeya mwaka 2007 na umeenea. Itumie timu hiyo, ina wajumbe na ina vikao. Ila nikuombe jambo: nimeingia kwenye vituo ambako rafu zimepakwa rangi, kila faili lina lebo, mistari ya njano sakafuni, na mgonjwa bado anakaa saa tano. Kupanga vitu ni mwanzo mzuri. Timu ifuate mgonjwa, si rafu.

Namna ya kumfikishia mganga mfawidhi inataka busara, kwa sababu wewe ni muuguzi na sehemu ya majibu inagusa saa za madaktari. Usiende na malalamiko, na usiende kikaoni kabla hujamwona peke yake. Nenda na karatasi za wiki, umezijumlisha kwa kila hatua ya mgonjwa, bila jina la mtu. Mwonyeshe kwanza zile dakika 25 na 270. Kisha 1,170 na 1,080, umwachie aone mwenyewe inapotoka tofauti. Usimwambie ombi lake la daktari ni kosa. Mwambie hivi: ombi litakuwa na nguvu zaidi halmashauri likienda na hesabu inayoonyesha madaktari watatu wanatumika kikamilifu kuanzia saa 2 na bado hawatoshi. Na hilo ni kweli. Mkishayafanya haya yote na bado mko juu ya asilimia 90, nitakuwa wa kwanza kusema mnahitaji mtu. Ila nimeona pia kituo kilicholetewa matabibu wawili kabla ya kuigusa maabara. Wiki mbili foleni ya daktari ilikwisha. Yote ilihamia mlango wa maabara, ikakaa pale pale, sasa ikiwa ndefu zaidi kwa sababu walioagiza vipimo sasa walikuwa watano badala ya watatu.

Kuhusu masomo: nenda, Mzumbe wana shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, ulizia masharti na ratiba kwenye kampasi yao ya hapa Dar. Lakini usingoje kozi ndipo uanze. Utaelewa darasani mara mbili zaidi ukiwa tayari na karatasi zako za kituo mkobani.

Usianze kupima Jumatatu, watu watakuchukia. Anza Jumatano, upite wikiendi, umalize Jumanne, ili upate na siku nzito ukiwa mmeshazoea. Kisha niandikie namba tatu: saa mgonjwa wa kwanza alipoingia kwa daktari kila siku, dakika kutoka sampuli kutolewa hadi majibu kumfikia daktari, na wangapi walirudishwa kutoka dirisha la dawa. Nikizipata hizo nitakuambia uguse wapi kwanza.